Msiba wa Mhindu na msiba wa Mkristo: mwongozo kwa majirani wa Unguja na Pemba

Aliyekulia kwenye maziko ya Kiislamu hahitaji kufundishwa: anajua nani anaosha, kafani ikoje, nani anashuka kaburini na watu wanarudi saa ngapi. Mtu huyohuyo akifiwa na jirani Mhindu au mfanyakazi mwenziwe Mkristo, husimama mlangoni hajui avue viatu au aingie navyo, akae au aondoke. Kukariri orodha ya mambo hakumsaidii sana. Kinachosaidia ni kujua jambo moja: wafiwa wanaamini mwili bado una kazi gani baada ya roho kutoka.

Kwa Mhindu, mwili umeshamaliza kazi. Unarudishwa kwa moto, na mapema, ili roho isibaki ikiuzunguka. Kwa Mkristo, mwili utafufuliwa siku ya mwisho, kwa hiyo unalazwa mahali panapojulikana na kuwekewa alama. Karibu kila utakachokiona msibani kinatoka hapo, hata chakula na rangi ya nguo.

Kwanza jua aliyefariki ni nani

Ukiambiwa "kafa Mhindi wa pale Hurumzi", bado hujaambiwa kitu. Bohora, Ithnaasheri na Ismailia ni Waislamu, na wana makaburi yao. Mgoa kwa kawaida ni Mkatoliki. Atasaliwa Misa Minara Miwili pale Shangani na kuzikwa, hachomwi. Parsi si Mhindu wala Mkristo. Ni mfuasi wa Zoroasta, nabii wa Uajemi ya kale, kama ilivyokuwa familia ya Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na baadaye dunia ikamjua kama mwimbaji Freddie Mercury. Anayechomwa ni Mhindu, yule ambaye mitaani huitwa Baniani. Jina hilo liache nje ya mlango wa wafiwa, maana methali yake haijasahaulika.

Hata Wahindu wenyewe hawafanani. Uliza kama familia ni ya Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875 na Dayananda Saraswati. Hao huchoma mwili kama wenzao, lakini hawatoi matonge ya wali kwa ajili ya marehemu na hawana ibada za kuwalisha wazee waliotangulia. Ukienda kwao kuuliza siku ya matonge, utawaaibisha na utajiaibisha.

Kwa Mkristo uliza mawili: ni wa kanisa gani, na atazikwa wapi. Anglikana, Mkatoliki, Mlutheri, Mpentekoste na Msabato hawaombolezi sawasawa, na wengi wana asili ya bara, kwa hiyo maiti husafirishwa. Majirani huchimba kaburi asubuhi, kumbe jeneza linapanda boti Malindi saa sita. Muulize mkubwa wa familia au mzee wa kanisa, usimuulize kijana aliyesimama njiani.

Wanachoamini, kwa kifupi

Mhindu anaamini kwamba kilicho mtu hasa ni *atman*, nafsi isiyozaliwa wala kufa. Bhagavad Gita, sura ya 2, ubeti wa 22, inasema nafsi huuacha mwili mkuukuu na kuingia mwili mpya kama mtu anavyovua nguo zilizochakaa na kuvaa nyingine. Mwili ujao unategemea *karma*, yaani matendo na matunda yake. Pepo na moto vipo, lakini ni vituo vya njiani. Mtu hukaa kwa kadiri ya alichochuma, kisha huzaliwa tena. Mwisho wa safari ni *moksha*, kutoka kabisa kwenye mzunguko huo. Si adhabu ya hakimu inayomrudisha mtu duniani, ni uzito wa matendo yake mwenyewe. Ndiyo maana kumwambia mfiwa "labda ni karma yake" ni tusi.

Mkristo anaamini mtu huishi mara moja. Waraka kwa Waebrania 9:27 unasema watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Muislamu akisikia hukumu, ufufuo na siku ya mwisho hudhani imani ni ileile, na hapo ndipo anapoteleza. Mkristo haweki tumaini lake kwenye mizani ya matendo. Analiweka kwenye kifo na kufufuka kwa Yesu. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anaufananisha mwili unaozikwa na mbegu: kinachopandwa hufa, na kinachoota ni kilekile katika hali nyingine.

Mbegu hiyo haihitaji kubaki nzima. David Livingstone alipofariki Chitambo mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake Chuma na Susi waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba hadi pwani. Ulipitia Unguja ukaenda kuzikwa London mwaka 1874. Katika kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini upo msalaba uliochongwa kwa mti huo. Kwa imani ya kanisa, moyo kuwa Chitambo na mwili kuwa London hakumzuii Mungu kumfufua mtu.

Wakristo wanahitilafiana kuhusu wakati ulio baina ya kifo na ufufuo. Mkatoliki anaamini iko toharani, hali ya kutakaswa, na kwamba sala za walio hai humsaidia marehemu. Walutheri na Wapentekoste hawaombei wafu. Msabato anaamini marehemu amelala, hajui lolote mpaka atakapoamshwa. Tofauti hizi zitakufaa utakapotaka kufungua mdomo.

Kitandani kwa mgonjwa

Gita, sura ya 8, inafundisha kwamba anachokikumbuka mtu anapoutoka mwili ndicho anachokiendea. Kwa hiyo familia ya Kihindu humsomea mgonjwa majina ya Mungu masikioni, humtilia mdomoni jani la mrihani mtakatifu, *tulsi*, na matone ya maji ya mto Ganga. Nyumba nyingi huyaweka maji hayo katika chombo kidogo cha shaba kilichozibwa. Mgonjwa asiyeweza kumeza asimiminiwe. Mpake midomo kwa pamba, maana maji yakienda njia ya pumzi yanaweza kumuua kabla ya saa yake. Taa ya samli huwashwa karibu na kichwa, jambo jema nyumbani na la hatari wodini: penye mtungi wa oksijeni usiwashe moto wowote, hata ubani. Wako wanaotaka mgonjwa ashushwe sakafuni. Muuguzi akikataa, watoto huridhika na kitambaa cheupe kilichotandikwa juu ya godoro.

Kwa Mkatoliki, kosa kubwa ni kuchelewa kumwita padri. Mpako wa Wagonjwa ni wa aliye hai, hautolewi kwa maiti. Mgonjwa akiwa bado anameza na kufahamu, padri humsikiliza toba, humpaka mafuta na kumpa Komunyo ya mwisho. Ukiwa jirani uliyeachiwa mgonjwa usiku, jukumu lako ni simu: mpigie padri kwanza, jamaa wa mbali baadaye. Waanglikana nao wana mpako. Wapentekoste watataka mchungaji na waombaji, na maombi yao huwa ya sauti kubwa. Wajulishe wauguzi mapema kuliko kuja kugombana.

Mwili wa Mhindu hadi majivuni

Mambo huenda mbio. Inapowezekana mwili huchomwa ndani ya siku moja, na familia nyingi hukwepa kuchoma baada ya jua kuzama. Aliyefariki alfajiri huenda saa nane mchana ameshatiwa moto, kwa hiyo ukisema utapita jioni umechelewa.

Kabla mwili haujatoka hospitali, jamaa waulize kama marehemu aliwekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Betri yake hulipuka kwenye joto la moto, hivyo lazima kitolewe hapo hapo hospitali. Ni jambo ambalo watu hulikumbuka kuni zimeshapangwa.

Mwili huoshwa na jamaa wa jinsia moja na marehemu, hupakwa msandali, huvikwa nguo nyeupe na kufungwa juu ya machela ya mianzi. Mwanamke aliyefariki mumewe yu hai huvikwa nyekundu kama bibi harusi. Usishangae kwa sauti. Usiuguse mwili mpaka uitwe. Ukiitwa, huenda ukapewa maua ya kuweka miguuni. Mashada yenye waya na maua ya plastiki hayafai, kwa sababu hayawezi kwenda motoni.

Njiani waombolezaji huitikia jina la Mungu, Ram. Si lazima uitikie. Fuata nyuma kimya, vua kofia ya jua, simu izimwe. Katika familia za Kigujarati wanawake kwa desturi hubaki nyumbani. Siku hizi mabinti wengine huenda, na wengine ndio wanaowasha moto. Uliza kabla ya kumzuia au kumhimiza mtu.

Kuni za mtu mzima ni kilo 400 hadi 600, na ukavu una maana kuliko wingi. Magogo mazito hukaa chini yakiachiana nafasi ya hewa, vipande vyembamba hupita katikati, mwili hulazwa, kisha magogo mengine huwekwa juu ya kifua na mapaja, maana bila uzito huo viungo hujikunja kwa joto. Samli humwagwa, na moto huanzishwa kwa karafuu maiti, ileile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya kumwoshea Muislamu. Wakati wa masika ndipo mambo huharibika. Kuni zilizolowa hutoa moshi mwingi, moto hukaa upande mmoja, na mtu hushawishika kumwaga petroli. Petroli hushika ghafla, humrukia aliyeimwaga, kisha huisha kabla gogo halijashika. Dawa ni kuweka kuni chini ya paa mapema, na samli ya ziada.

Mfiwa mkuu, kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza, huzunguka kuni akiwa na mtungi wa maji uliotobolewa, huuvunja, halafu hutia moto upande wa kinywa. Hapo mgeni asiongee na asipige picha. Moto ukishika sawasawa wageni huondoka, na desturi ni kutogeuka nyuma. Wafiwa huoga kabla ya kuingia ndani. Ukiwa umefuatana nao, usipite moja kwa moja ukakae kwenye viti vyao.

Kwa kawaida siku ya tatu jamaa hukusanya vipande vya mifupa na majivu, huvinyunyizia maji au maziwa, na kuvitia katika chungu kilichofunikwa kitambaa. Wengine huvipeleka India, Haridwar au Varanasi, kwenye mto Ganga. Kwa wengi wa visiwani bahari inatosha, kwani maji yote yanaingia humo. Ukiombwa chombo au unahodha, zingatia mawili. Nendeni maji yanapotoka. Yakiwa yanajaa, maua na majivu yatarudi ufukweni mbele ya watoto wanaoogelea. Na aliyeshika chungu apewe upande wa chini ya upepo, aupe upepo mgongo, akiinamishe chungu karibu na maji. Kukimwaga kutoka juu ni kuwamwagia abiria wenzake, hasa katika kusi.

Watoto wachanga na watawa wa Kihindu huzikwa, hawachomwi. Usidhani familia imebadili dini.

Kaburi la Mkristo

Hapa haraka hakuna. Maiti inaweza kukaa mochwari siku kadhaa ikisubiri jamaa wa bara, huku watu wakikesha, wakiimba, na kamati ikikusanya michango. Jirani Muislamu huuona ucheleweshaji huo ni dhuluma kwa maiti. Kwa Mkristo si hivyo, kwa kuwa hakuna fundisho la kanisa linalomtaka azikwe siku hiyohiyo.

Majirani wengi husaidia kuchimba, na makosa ni yaleyale. La kwanza ni mwanandani. Kaburi la jeneza halina mwanandani. Ni shimo lililonyooka kutoka juu hadi chini. La pili ni vipimo. Jeneza la mtu mzima huwa na futi 6 na nusu kwa urefu na futi 2 mabegani, lakini mikono ya kushikia huongeza upana. Lipime baada ya mikono kufungwa, kisha chimba futi 7 na nusu kwa futi 3, kina futi 5 hadi 6. Shimo likibana mabegani, jeneza hukwama likiwa limelala upande, na hakuna njia ya kulitoa isiyo ya aibu. Ardhi yetu mahali pengi ni jiwe la matumbawe futi chache tu chini. Anzeni jana yake kwa mtaimbo na sururu, msisubiri asubuhi ya maziko.

Wekeni miti miwili imara juu ya mdomo wa kaburi ili jeneza lipumzike padri anaposoma. Kamba ziwe 3, kila moja mita 6 hivi, na wanaume 6. Kamba 2 zinatosha kwa jeneza jepesi, lakini mmoja akiteleza hakuna wa kumpokea. Wote walegeze kwa sauti ya mtu mmoja.

Marehemu wa Kikristo hulala chali, halazwi ubavu. Kibla cha kwetu kiko karibu kaskazini kabisa, na wachimbaji hulielekeza kaburi huko kwa mazoea. Desturi ya zamani ya kanisa ni kichwa magharibi na miguu mashariki, ingawa makaburi mengi hufuata safu zilizopo. Muulizeni mzee wa kanisa kabla ya jembe la kwanza.

Kabla ya kuzika kuna kuaga mwili: jeneza hufunguliwa, watu hupita kwa mstari. Kupita si lazima. Ukipita, usisimame kumbusu wala kumgusa kama hukuwaona jamaa wakifanya hivyo. Kaburini utasikia maneno ya kitabu cha Mwanzo kwamba mtu ni mavumbi na mavumbini atarudi, na waliohudhuria hutupia udongo. Kutupia udongo ni heshima ya jirani yeyote. Baadaye mshereheshaji huita makundi kuweka mashada. Majirani nao huitwa, kwa hiyo chagueni mmoja mapema asije kila mtu akamtazama mwenziwe.

Je, Mkristo anaweza kuchomwa? Kanisa Katoliki lilikataza mwaka 1886, likaruhusu mwaka 1963, na mwaka 2016 likasisitiza kwamba majivu yasitawanywe wala kuwekwa nyumbani, bali yahifadhiwe mahali patakatifu. Yaani hata moto ukiruhusiwa, mwili bado unatakiwa uwe na anwani.

Cha kuvaa, kusema na kupeleka

Kwa Mhindu vaa nyeupe au rangi iliyopoa. Nyeusi si lazima na nyekundu haifai. Kwa Mkristo nyeusi ndiyo salama. Kanga yoyote utakayojifunga, soma jina lake kwanza: la mafumbo ya mahasidi halina nafasi katika msiba wa dini yoyote.

"Poleni sana kwa msiba" inatosha kote. "Mungu amlaze mahali pema peponi" kwa Mkatoliki ni sawa. Kwa Mlutheri au Mpentekoste mwenye msimamo ni kumwombea maiti, jambo asilolikubali. Mwambie "Mungu awatie nguvu". Kwa Mhindu peponi si kituo cha mwisho, hivyo "apate amani" linaingia vizuri zaidi. Yeye mwenyewe atasema *Om shanti*.

Chakula ndicho kinachowakosesha wengi. Nyumba ya Kihindu yenye msiba haitaki nyama, na samaki ni nyama. Kwetu mtu husema hakupeleka nyama huku ameshika sufuria ya mchuzi wa changu. Mayai nayo acha, na baadhi ya madhehebu hawali vitunguu wala thomu. Peleka maziwa, matunda, sukari, mchele usiopikwa. Kwa Mkristo peleka chochote, isipokuwa Msabato: pweza, ngisi na kamba hali. Wakati wa Kwaresima, Ijumaa, Mkatoliki hali nyama, samaki hula.

Ubani wa fedha kwa Mkristo hupokelewa na kuandikwa daftarini. Kwa Mhindu uliza kwanza, kwani familia nyingine hazipokei na huelekeza sadaka hekaluni au kwa maskini.

Siku zinazofuata

Wagujarati huwa na *besnu*, kikao cha kuwapa pole wafiwa kinachotangazwa kwa saa maalumu. Fika ndani ya muda huo tu, vua viatu, kaa chini kimya, salimia picha ya marehemu kwa kuinamisha kichwa, ondoka. Hakuna kahawa na hakuna soga za barazani. Msiba hudumu siku 13. Katika siku za 10 hadi 13 hutolewa matonge ya wali ili, kwa imani yao, roho ipate umbo la kusafiria, na siku ya mwisho hulisha watu. Hadi hapo familia haigusi madhabahu ya nyumbani, haisherehekei, na mara nyingi haifungui duka. Deni lako la dukani lipeleke siku ya 14.

Wakristo wengi wa kwetu hufanya arobaini. Wakatoliki huongeza Misa za kumbukumbu, na tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, huwasha mishumaa makaburini. Wahindu nao huwakumbuka wazee wao kwa kiasi cha wiki mbili kila mwaka, mara nyingi Septemba, ambapo hawaozi wala hawafungui biashara mpya. Jirani Mhindu ukimpelekea kadi ya harusi wakati huo ataipokea kwa adabu, ila usimtarajie.